Mtungi Hauitiki

Siku ya mfungo wa Mata, mungu wetu mama, sisi wanawake hatutii kitu kinywani mpaka hadithi yake isimuliwe, na haisimuliwi hewani. Lazima awepo mtu wa kuitika "ehe", ameshika punje za ngano kiganjani mpaka mwisho. Asipopatikana mtu, unausimulia mtungi wa maji.

Mwaka jana jirani yangu Dhapu alisimulia, na mke wa mwanawe, Sugni, akaitika vizuri tu. Kabla ya mvua, homa ikamchukua Magaram, mwana wa mmoja na mume wa mwingine. Mwaka huu Sugni akasema haitiki tena, wala hafungi. Asubuhi alikula mkate wa uwele mbele ya mama mkwe wake, bila haya.

Jua lilipofika utosini nilikwenda kwao, maana Dhapu ni mzee na ukaidi wake naujua: angefia pale na njaa yake. Nikamwambia nitaitika mimi. Akaniuliza kama mimi sina kwangu. Baraka ya hadithi huenda kwenye nyumba ya aliyeitika, na yeye aliitaka ibaki kwake. Sugni hakuinua hata kichwa. Alikuwa penye meko, palepale uani, anakoroga mchuzi wa mtindi kwa mkono wa kushoto. Chakula cha siku kama ile, kwa mkono wa kushoto! Nilichukia, lakini nyumba si yangu.

Basi Dhapu akaketi mbele ya mtungi, akaanza. Palikuwa na mwanamke maskini aliyefiwa na mwanawe, na maiti bado imelala ndani chini ya shuka. Mata akaja mlangoni kwa sura ya ombaomba. Mwanamke akampa mkate wake wa mwisho. Mata akala, kisha akasema ana kiu, mwanao na aniletee maji. Wanawake wa hadithi ndivyo walivyo, hawaulizi maiti itachotaje maji. Mwanamke akasimama mlangoni, akamwita mwanawe.

Hapo Dhapu akanyamaza. Hadithi hii naijua tangu utotoni, nikajua limebaki neno gani na kwa nini halitoki. Hadithi ikikatika, mfungo haufunguliwi, na mtungi hauwezi kuuliza.

"Ehe," akasema Sugni kutoka mekoni. "Kisha?"

Dhapu hakugeuka. "Mimi nilimwita Magaram. Ulinisikia."

"Nilikusikia, mama."

"Hakuamka."

"Hakuamka. Lakini huyu wa kwenye hadithi huwa anaamka. Mwamshe, mama, ule."

"Si umesema huamini wewe?"

"Siamini. Nimeuliza kisha ikawaje."

Dhapu akajifuta uso kwa upindo wa mtandio. Akasema, polepole, kwamba kijana aliamka, akachota maji, akampelekea mgeni. Kisha akaomba tunavyoomba sote, Mata amkumbuke anayesimulia na anayesikiliza, akaongeza lake: na anayeitika kwa moyo mzito.

Sugni akaja na sahani. Mkubwa hapewi chakula kwa mkono wa kushoto, hilo hata yeye asingethubutu. Ikambidi akikunjue kiganja cha kulia, alichokuwa amekifumba tangu nilipoingia. Punje za ngano zikaanguka miguuni pa mama mkwe wake, zimelowa jasho.