Fomu Sitini za Wening

Habari hii nilipewa juzi Jumanne na Tumirah, muuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, hapa mjini Yogya, akicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

Wening, mwanafunzi wa chuo, aliwagawia wachuuzi sitini fomu: je, wanalipenda soko jipya la ghorofa? Wote wakatia alama kwenye "sana". Mwalimu wake akazirudisha. "Sitini wote? Umezijaza mwenyewe! Niletee ukweli kesho, la sivyo hufaulu."

Wening akakimbilia kwa Tumirah. "Mama, kweli mnalipenda?"

"Tulipende? Ngazi zimetumaliza magoti, mwanangu! Wateja wenyewe hawapandi!"

"Mbona mlitia alama kwenye 'sana'?"

"We naye! Mtoto wa watu umekuja na karatasi zako, unatabasamu, tukuvunje moyo?"

Wachuuzi wenzake Tumirah wakaangua kicheko, kila mmoja akamwaga la moyoni. Wening akayaandika yote huku akirukaruka.

Kesho yake akaweka hesabu ya fomu na maneno ya wachuuzi pamoja mezani kwa mwalimu. "Hesabu ni adabu yao, Mwalimu. Maneno ndiyo magoti yao."

Mwalimu akacheka, akatia sahihi.

Wening akarudi sokoni mbio, akawakumbatia wachuuzi wote, akala tempe saba, kisha akalala fofofo juu ya magunia, saa sita mchana.