Rimu la Lori la Mkonge

Jangwa la nyuma ya mikoko halina haya. Juu limekauka, jeupe kwa chumvi, limenyooka kama sakafu ya saruji; chini ni tope jeusi linalonuka yai viza. Mwenyeji hufuata ukingo wa nyasi, japo ni mbali. Mgeni huona sakafu, akakata kona.

Semeni binti Idarusi alikuwa kando ya kijito, anafukua makumbi yake ya nazi aliyoyafukia yaoze apate kusokota kamba, alipoliona gari jeupe linakata kona.

"Huyo amekwisha," akasema, akaendelea kufukua.

Lilikwenda vizuri, likakohoa, likakaa. Dereva akakanyaga mafuta. Tope likaruka juu ya paa, gari likazama mpaka tumboni.

Jangwani pale hapakuwa pa kupita mtu. Barabara ya zamani ilipita juu, kwenye minazi ya kusini ya Ushongo, imara, mawe yake yamebebwa kwa vichwa. Mwaka juzi Hisham, mwenye shamba anayekaa mjini Tanga, akasimamisha nguzo za zege, akatia geti na kufuli, akasema pale zitajengwa nyumba za watalii. Tangu siku hiyo kijiji kizima, mgonjwa kwa maiti, kinapita topeni. Semeni alikwenda ofisi hii na ile, akaambiwa tunalifanyia kazi, akarudi, akaambiwa tena. Alikuwa na kifua cha kuhifadhi: nani alisema nini, amekaa kiti gani, anakunywa chai gani. Na sasa Zuwena, bintiye, yuko nyumbani tumbo limeshuka, na bamvua limeingia. Maji yale yakijaa, bodaboda haipiti. Semeni alitaka jambo moja tu: barabara ifunguke kabla mwanawe hajashikwa na uchungu.

Akanawa mikono, akaenda kumtazama mkwamaji.

Alikuwa kijana wa Kimanga, viatu vyeupe, amesimama juu ya kizingiti cha gari anaogopa kushuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usikanyage tena mafuta, baba. Unajichimbia kaburi."

"Naijua gari mimi. Nimejifunzia Nguvumali, mjini. Leseni ninayo."

"Tope halisomi leseni. Wa nani wewe?"

"Ayman. Hisham ami yangu. Nimemleta bibi aone shamba."

Semeni akachungulia. Ndani ya gari, nyuma ya kioo, aliketi mwanamke mzee wa buibui, mkoba mapajani, ametulia kama anayesubiri chai. Bi Ghaliya, mamaye Hisham. Hakuwa amekanyaga huku tangu afiwe na mumewe.

"Na getini kwenu mbona hamkupita?"

Ayman akatazama viatu vyake. "Ami kasahau kunipa ufunguo. Simu hapokei."

Semeni akacheka mpaka akashika kiuno.

Rama wa bodaboda akafika, akazima pikipiki, akatazama gari, akatazama kijito. Maji yalikuwa yameanza kupenya kwenye mizizi ya mikoko.

"Mama Zuwena," akasema polepole, "hii ndiyo dua yetu. Bibi tumbebe mgongoni, gari tuiachie bahari. Hisham aje aitafute na ngalawa."

Tusidanganyane: Semeni naye alitamani. Aliliona gari lile linaelea, akaona utamu mpaka mate yakamjaa. Lakini alimkumbuka babaye akipiga rimu la lori la mkonge lililotundikwa nyuma ya msikiti, na watu wakitoka na majembe bila kuuliza. Msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ulikuwa na sharti moja, nalo kila mtoto wa pale alinyonya nalo: ukipigiwa rimu, siku likipigwa tena nawe unatoka. Msaragambo haukuchagua wa kumtoa.

"Ukianza kuchagua, Rama, wewe ndiye Hisham. Kalipige."

Rama akaenda ananung'unika. Rimu likalia. Wakaja wanaume na mbao, wanawake na makuti, kila mmoja na maneno yake.

"Hii ndiyo barabara ya watalii?"

"Baba, washa taa tukuone vizuri."

Bi Ghaliya akabebwa, akawekwa nyasini. Makumbi ya Semeni, yale ya kusokota kamba, yakashindiliwa chini ya magurudumu yote. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyatoa. Kamba zikafungwa. Ayman akavua viatu, akaingia topeni, akavuta na wenzake. Wakavuta, wakapumzika, wakatukanana kidogo, wakavuta. Gari likatoka linabwatuka, na maji yakajaza shimo lake nyuma.

Ayman akapeleka mkono mfukoni.

"Toa mkono huo," akasema Semeni. Akamgeukia Rama. "Kalipige tena."

"Na hilo la nini tena, mwanangu?" akauliza Bi Ghaliya.

"Kazi ya pili, bibi. Shikamoo, sijakuamkia."

"Marahaba. Marehemu Sleyum wangu alikuwa akilisikia hamalizi kula. Anatoka."

"Namkumbuka. Kilemba kimejaa vumbi, jiwe kichwani. Aliporudi nyumbani ulimgombeza, tukasikia mpaka kisimani."

Bi Ghaliya akacheka bila kutaka. "Mawe ya nini vile?"

"Ya barabara. Aliyoifunga mwanao."

Kicheko kikaisha. "Hisham kaniambia mmepewa barabara nyingine."

"Tumepewa, bibi. Umetoka kukwama ndani yake."

Bi Ghaliya akalitazama gari lake, halafu jangwa, ambalo sasa lilikuwa maji matupu. Simu ya Ayman ikalia. Kijana akatazama jina, akampa bibi yake.

"Hisham," akasema bibi. "La, hatujafika. Shamba aliloniachia baba yako ni langu au ni lako? Basi. Niko msaragambo, nitakupigia." Akamrudishia mjukuu simu. "Nawe ulipigiwa rimu. Nenda."

Watu wakapanda juu kwenye minazi, gari nyuma yao. Kamba ileile iliyolitoa gari ikafungwa kwenye nguzo ya geti, ncha ya pili kwenye gari.

"Gia ya kwanza," Rama akamwambia Ayman dirishani. "Polepole, kama unamwamsha mama mkwe."

Safari hii hakukanyaga kwa hasira. Nguzo ikapinda, ikang'oka na kufuli lake. Wakang'oa na nyingine. Semeni hakupiga kigelegele. Alikuwa anawaza mbele.

"Zote zipelekwe jangwani," akasema. "Zifukieni pale gari lilipolala. Wakija kuuliza nani kang'oa, waambieni rimu lilipigwa, watu wakatoka. Tuone watamfunga nani."

"Na mimi watanifunga?" akauliza Ayman.

"Wewe wa kwanza," akajibu Rama. "Leseni si unayo?"

Zuwena akaletwa anatembea taratibu, kanga ya mama mkwe mabegani, mkono kiunoni. Alikuwa anaelekea Pangani akakae karibu na hospitali. Akalitazama gari lililopakwa tope mpaka madirishani, akamtazama dereva asiye na viatu.

"Huyu ndiye aliyekwama?"

"Ndiye," akasema Semeni, akamfungulia mlango. "Panda. Mnapita juu."

Bi Ghaliya akasogea kumpa nafasi.