Basi la Uwaila la Kwenda Utumwani

Basi lilikuwa limeshaondoka stendi ya Jiji la Benin, Nigeria, mimi kwenye usukani, viti vyote vimejaa watu. Hilo hatukulipanga.

Ubavuni mwa basi, Uwaila, mwenye basi, alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: ULAYA KUPITIA JANGWANI. PASIPOTI TUTAIFICHA. MSHAHARA HAKUNA. KULALA SITA CHUMBA KIMOJA. UKILIA, FIMBO. Yeye mwenyewe aliyapitia hayo Tripoli, akarudi. Alitaka watu wasome, wacheke, waogope. Walisoma, wakapanga foleni.

"Mzee, kanyaga mafuta!" alipiga kelele mwanamume mwenye begi la mistari. "Jangwa litatusubiri?"

"Kaka, umesoma ubavuni?" Uwaila akamuuliza.

"Nimesoma. Nyinyi angalau si waongo."

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Ivie, binti wa dada yangu, alikuwa aondoke Alhamisi kwenda Ulaya na mtu aliyemwita Anti tu. Walimlisha kiapo kwa mganga kwamba akimtaja huyo Anti kwa yeyote atakufa. Nilimleta aone maandishi hayo. Alikaa nyuma yangu, kanuna.

"Mjomba, unanitia aibu."

"Kaa na aibu yako, lakini kaa Benin."

Hatujafika mbali, mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. Nikafunga breki. Akapanda.

"Nani kawaruhusu kubeba watu hapa? Mtaa huu wangu, mwaka wa tisa!"

Uwaila akaelewa kabla yangu. Akamkabidhi kipaza sauti. "Karibu, mama. Sisi tunalaza sita. Wewe je?"

"Wanne! Na feni!"

"Pasipoti?"

"Naitunza mwenyewe kwenye kasha la chuma. Haipotei!"

"Na fimbo?"

"Kwa mkaidi tu. Mimi si mshenzi kama nyie!"

Abiria wakaguna, wameridhika. Wa begi la mistari akanyoosha mkono. "Mama, nafasi ipo?"

"Ipo! Muulizeni huyu, anaondoka nami Alhamisi. We Ivie! Unatafuta nini kwenye basi lisilo na feni?"

Basi zima likamgeukia Ivie.

"Anti," akasema polepole, "uliniambia saluni. Fimbo hukuitaja."

"Saluni ipo. Fimbo ni ya ziada."

Ivie akanishika bega. "Mjomba, umesikia? Mimi sijamtaja mtu. Kajitaja mwenyewe. Turudi nyumbani."

Yule mama alifungwa miaka saba. Ushahidi ulikuwa kwenye simu za abiria waliomrekodi. Uwaila alitozwa faini kwa kubeba abiria bila kibali. Ivie anasuka nywele karibu na soko, na kila homa ikimshika bado anakiogopa kile kiapo. Mimi nilinyang'anywa leseni, nikahamia Lokoja. Mwenye begi la mistari aliondoka mwezi uliofuata na watu wengine. Mkewe hajapata habari zake.