Goti la Kiberiti

Kiberiti hakuwa mtu wa kukaa. Kwenye korido ya daktari wa klabu alishakwenda na kurudi mara kumi na kitu, mpaka muuguzi akamkazia macho.

"Baba Pacha, hebu kaa," mkewe akamwambia. "Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa goti litakaza."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yao. Goti la kulia lilikuwa limekwisha kabisa, na waliojua ni wawili tu duniani: mwenye goti, na mkewe aliyemvisha kiatu kila asubuhi kwa sababu kulikunja hakuwezi. Mshambuliaji wa miaka thelathini na tatu, nchi ya tano, klabu ya saba, na masanduku yao hayajawahi kupanda juu ya kabati. Leo akipita kwa daktari, anasaini miaka miwili. Asipopita, basi tena, kwaheri mpira.

Halafu lugha ya watu hawa nayo! Uwanjani alijua "toa" na "nyuma yako", na nje ya uwanja "ndiyo" na "hapana", akaishia hapo. Mkewe ndiye aliyeishika, mpaka anabishana na mwenye nyumba na kumshinda. Kwa hiyo leo yeye ndiye mkalimani.

"Akiuliza kama linauma?"

"Nitasema hapana."

"Na usiku je?"

"Hapana! Jamani, mimi si kasuku, nimeelewa."

Wakaitwa. Daktari, mzee mwenye vidole vya baridi, akamlaza kitandani, akalikunja goti, akalinyoosha, akalibonyeza pembeni. Kiberiti akatabasamu kama anapigwa picha. Daktari akauliza jambo. Mkewe akajibu, "Ndiyo."

Neno hilo Kiberiti alilijua.

"Umemwambia nini?"

"Ulichosikia."

"Mama Pacha! Unanimaliza mchana kweupe?"

Mkewe alizidi kumweleza daktari, haraka haraka, machozi yakimlengalenga, kisha akamgeukia mumewe. "Nimemwambia usiku unang'ata mto ili nisikusikie. Kwani unadhani huwa nimelala?"

Kiberiti alipandwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu. Akateremka kitandani, akaanza kuruka kwa mguu uleule mbovu. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi, jasho linamchuruzika na tabasamu halijambanduka. Mabeki wa nchi tano wamemshindwa, leo aangushwe na mke wake mwenyewe? Thubutu!

Daktari akainua nyusi. Akachukua fomu na kalamu, akamgeukia Kiberiti mwenyewe, safari hii bila kumtazama mkalimani. Akaligusa goti kwa kidole, akarudia swali lake polepole, kama anayemuuliza mtoto mdogo.

"Hapana" ilikuwa tayari mdomoni. Mkataba mzima ulikuwa unangoja neno hilo moja tu.

Mkewe hakumsihi, wala hakumtazama. Alikuwa amechuchumaa sakafuni na kile kiatu cha kulia, akilegeza kamba tundu kwa tundu mpaka chini, ili mguu upate kuingia bila goti kukunjwa, kama alivyofanya asubuhi na kama atakavyofanya kesho, iwe wamesaini au hawajasaini.

"Ndiyo," Kiberiti akamwambia daktari.

Kisha akakaa.