Mzazi wa Ruti

Kwenye mahafali ya kidato cha nne, mshereheshaji aliita, "Mzazi wa Ruti, njoo umvalishe binti yako shada!"

Wakasimama wanawake wawili. Alinanuswe, mkulima wa Mbebe, ndiye aliyemzaa Ruti. Mwanakombo, muuza vitenge wa Chapwa, alikuwa amemlea kwake miaka minne ili Ruti akae karibu na shule, na ndiye aliyehudhuria vikao vyote vya wazazi.

"Jamani, mwenzetu ana mama wa akiba!" mshereheshaji akatania. Watu wakacheka. Alinanuswe hakucheka. Asubuhi ile walimu walimsalimia Mwanakombo kwa jina, kisha wakamuuliza Alinanuswe yeye ni nani.

Mwanakombo akamkabidhi shada alilokuja nalo. "Mvalishe wewe, dada. Mtoto ni wako."

Alinanuswe akalichukua bila kushukuru. Alipokuwa akimvalisha binti yake, alimwambia kwa Kindali, lugha ya kwao asiyoielewa Mwanakombo, "Mtihani ukiisha, siku hiyohiyo unafungasha. Hulali tena kwa huyu."

Ruti alimtazama kwanza Mwanakombo, kisha akamjibu mama yake kwa Kiswahili, "Tutaona, mama."