Kilichosikika Chumba cha Poda

Pale kituo cha televisheni kila mtu alimwita Poda, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwapaka poda wageni kabla hawajaingia studio. Sababu nyingine aliitoa fundi kamera: sauti ya binti yule nayo ni unga mtupu, ukiipulizia feni imepotea.

"Poda, umeniamkia?" alimtania kila asubuhi. "Maana nimeona midomo inacheza, sauti sijaisikia."

"Nimekuamkia. Shikamoo."

"Marahaba, na ya kesho kabisa, usije ukachoka."

Chumba chake kilikuwa chembamba, kioo kimekula ukuta mzima, na katikati kiti kimoja cha kupandishwa kwa mguu. Mama aliyemfundisha kazi alimwachia sheria moja tu siku ya kustaafu: mgeni akikaa kwenye kiti kile ni kama mgonjwa kwa daktari, atakayoyasema yaishie palepale. Sheria hiyo haikumpa Poda taabu. Hata asingeambiwa, angenyamaza.

Katika wageni wote, aliyempenda zaidi ni Mchambuzi. Alikuwa mtu wa makamo, kipara kinang'aa, na aliitwa kila mataifa yalipotunishiana misuli. Alieleza kwa nini nchi isiyo na adui inanunua ndege za vita, na kwa nini marais wawili wameshikana mikono muda mrefu kuliko kawaida mbele ya wapiga picha. Poda alisimama nyuma ya kamera, brashi mkononi, akasikiliza mambo makubwa ya dunia yakigeuka ugomvi wa nyumba ya kupanga, nani kamwagia nani maji mlangoni. Siku moja Mchambuzi alisema kwamba ukitaka kujua kama nchi inaelekea vitani, usihangaike na hotuba za wakubwa. Angalia wanawapeleka wapi watoto wao. Poda alifika nyumbani akamwambia mama yake maneno yale neno kwa neno, kama mtoto aliyekariri shairi.

Mwaka ule ugomvi ukasogea karibu. Nchi yao na nchi jirani zilitenganishwa na mto na kuunganishwa na daraja moja. Zikaanza kugombea kisiwa cha mchanga katikati ya mto, kisiwa kisicho na hata kichaka. Yalianza maneno, kisha wanajeshi wa jirani wakaja ukingoni, ikasemwa wako mazoezini.

Dada yake Poda alikuwa ng'ambo ile. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake huko, na kila mwisho wa mwezi alivuka kuja kumwona binti yake mdogo, aliyelelewa na bibi na Poda. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuunganisha maneno.

Asubuhi moja dada akapiga simu, Poda akiwa anapanga brashi zake.

"We, mtu wa televisheni! Huyo mtaalamu wako leo yupo?"

"Yuko njiani anakuja."

"Basi msikilize vizuri. Nina sare za shule nzima hapa, vitambaa nimeshakata vyote, sijashona hata nusu. Nikikimbia halafu kusiwe na kitu, nimejiharibia jina, huku sipati tena kazi. Nikibaki halafu kikawepo, mwanangu je? Niambie, nitoke au nibaki?"

"Dada, mimi najua nini?"

"Wewe hujui, yeye anajua. Redio ya huku inapiga muziki tu. Utakachoniambia ndicho nitakachofanya."

Mchambuzi akaingia. Siku nyingine angesema, "Binti yangu, zima hiki kichwa, watazamaji wasidhani ni taa ya studio." Siku hiyo alikaa bila neno. Poda alikuwa amefika kwenye paji la uso wakati simu ya Mchambuzi ilipolia. Alikuwa mkewe, aliyefundisha chuo kule ng'ambo na kuishi huko na watoto wao.

"Mama watoto, nisikilize," alisema kwa sauti ya chini. "Leo. Si kesho, leo. Hiyo mitihani achana nayo, atasahihisha mwingine. Ubalozi wao hapa umeanza kusafirisha familia kimyakimya. Wachukue watoto shuleni, panda gari, vuka. Usiage mtu."

Alipokata, macho yao yakakutana kwenye kioo. Hakumwambia asiseme. Aliinua kidevu tu, ili amaliziwe shingo.

Studio, mtangazaji alimuuliza watu wetu walioko ng'ambo wafanye nini.

"Waendelee na shughuli zao," alijibu Mchambuzi. "Serikali zote mbili zinakusanya ushuru kwenye daraja lile, hakuna inayotaka kulifunga. Jirani yetu anaelekea kwenye uchaguzi na anataka wapiga kura wake waone ana kifua. Ni salamu tu. Sioni sababu ya hofu."

Sauti ilikuwa tulivu, tai imenyooka, usoni hakuna tone la jasho. Poda mwenyewe ndiye aliyeukausha uso ule.

Akatoka kwenye korido akampigia dada yake. Kichwani alikuwa na sauti mbili za mtu mmoja, na alijiambia kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya mume, na waume wakiingiwa na hofu hawana tofauti na watu wengine. Ile ya pili ndiyo ya mtaalamu. Tena aliona haya. Angesema amejuaje? Kwamba alikuwa anatega sikio kwenye simu za wageni?

"Haya, amesemaje?"

"Amesema hakuna sababu ya hofu. Muendelee na shughuli."

"Na wewe mwenyewe unaonaje?"

Maneno yalimfika kooni. Fundi kamera akapita na nyaya begani, na Poda akayameza.

"Mimi nione nini, dada? Yeye ndiye mtaalamu."

"Basi nashona. Mbusu mwanangu."

Kesho yake alfajiri daraja lilifungwa. Zilisikika risasi upande wa kisiwa, kisha simu zikakatika. Ziliporudi, dada alikuwa hai. Kibanda chake kilikuwa kimepigwa kufuli la serikali, naye aliamriwa kuripoti polisi kila wiki pamoja na wageni wenzake. Ruhusa ya kuvuka hakuna, na hakuna aliyejua itatoka lini.

Mchambuzi aliporudi kituoni, Poda alimpaka uso mzima kabla hajajikaza kisabuni.

"Mzee, ile siku nilisikia."

"Najua ulisikia." Alifumba macho. "Ningesema kimbieni, daraja lingejaa watu kabla ya mchana. Jirani angeona tunaondoa watu wetu, angejua tunajiandaa kupiga, angewahi yeye. Kazi yetu hii, neno lako linaweza kuwasha hichohicho unachokichambua. Watu wa wizara nao walinipigia, wakaniomba nitulize watu. Nikadhani nikituliza, huenda kisitokee."

"Na mama watoto?"

"Yule hakumuuliza mchambuzi. Alimuuliza mumewe."

"Dada yangu pia hakumuuliza mchambuzi," Poda alisema. "Aliniuliza mimi."

"Pole, binti yangu," alisema mzee. Mlangoni wakagonga, kipindi kinaanza, na Poda akamalizia kipara.

Kilichomtafuna zaidi ni kwamba dada hakumlaumu. Kila alipopiga simu alicheka.

"Huyo mtaalamu wako kanipatia! Mwambie nikirudi namshonea suti, mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, aende nayo hukohuko kwenye televisheni."

Jumapili moja, mtoto akiwa anacheza na vifuniko vya chupa sakafuni na mama yao akianika nguo nje, Poda hakuweza tena kucheka na dada kwenye simu.

"Dada, usimlaumu yeye peke yake. Kabla ya kipindi nilimsikia anamwambia mkewe avuke siku ileile."

"Kabla ya kipindi?"

"Kabla."

"Kabla hujanipigia?"

"Ndiyo, dada."

Upande wa pili kulisikika pikipiki ikipita, ikapotea.

"Nilikuuliza wewe mwenyewe unaonaje," dada alisema. Hakupaza sauti. Poda alitamani angepaza.

"Uliniuliza. Niliogopa. Nisamehe, da—"

"Mpe mtoto simu."

Akampa. Mtoto alieleza habari ya vifuniko na ya paka wa jirani, na kwenye simu ile dada alisikika akicheka vilevile kama siku zote. Poda alinyoosha mkono, mtoto akamrudishia simu. Ilikuwa imeshakatwa.

Tangu siku hiyo dada hupiga simu ya mama. Huongea na mama, huongea na mwanawe kwa muda mrefu, kisha mama huja jikoni akifuta kioo cha simu kwa khanga.

"Dada yako anawasalimia wote," husema mama, asiyejua lolote.

"Nimezipokea, mama," Poda hujibu, huku akijua hazikutumwa kwake.