Gari Linalolia Konani

Pikapu ya marehemu mume wangu ilikuwa na kilio chake. Ukikata kona ya kuingia mtaani kwetu, gurudumu la mbele upande wa dereva lilitoa mlio mrefu, wa chuma kikavu kikisugua chuma, na mtaa mzima ukajua nani anarudi. Yeye alikuwa akisema gari linapiga hodi. Mimi nilikuwa nikimjibu kwamba hiyo si hodi, ni uvivu wake wa kwenda gereji.

Kisha akafa kwa ugonjwa wa kifua, kitandani hospitalini, na mlio ukabaki.

Nikaanza kuiendesha mimi, kupeleka magunia ya chakula cha kuku kwa wateja wake, maana machozi hayaleti unga nyumbani. Jioni ya kwanza nilipokata kona, gari likalia. Mama mkwe wangu, ambaye macho yake yameshaisha nguvu, akainuka barazani akasema, "Huyo, amefika." Akapeleka ndoo ya maji bafuni. Nywele zilinisimama. Lakini uso wake ulikuwa umetulia, nami nikakosa moyo wa kumwambia, "Mama, ni mimi tu."

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Jioni gari linalia, mama anasema amefika, maji yanawekwa. Asubuhi nayamwaga, yamepoa, hayajaguswa. Nami, sitaficha, nilianza kuogopa. Nikiwa peke yangu kwenye usukani, mlio ukija, nilihisi kiti cha pembeni kina mtu. Sikugeuka kutazama. Niliogopa kumkuta, na niliogopa zaidi kutomkuta.

Aliyenisimamisha ni fundi tunayemwita Taratibu. Alinisikia nikipita mbele ya gereji yake akatoka mbio, mtu ambaye hata mvua haijawahi kumkimbiza. Akaipiga jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto.

"Shemeji, boljointi zimekwisha," akasema, akinionyesha kwa bisibisi. "Hiki kifundo ndicho kinachoshika gurudumu na kuliacha ligeuke. Kikichomoka, gurudumu linalala chini, na wewe unalala nalo. Ukiwa kwenye mwendo, tutakuja kukuokota kwa ufagio."

"Na huu mlio?"

"Mlio ndio ugonjwa wenyewe. Gari likipona litanyamaza."

Nilisimama pale nimeshika ufunguo, sijui niutie wapi. Nikiitengeneza, nitamuua mtoto wa yule mama kwa mara ya pili. Nisipoitengeneza, siku moja nitakufa mimi, na mama atabaki na nani? Nikajaribu ujanja wa kijinga.

"Badilisha upande wa abiria tu. Wa dereva uache ulivyo."

"Jino bovu liko huku, unataka ning'oe la kule?" Alicheka peke yake mpaka akayaona machozi yangu. Ikabidi nimweleze yote, habari za ndoo na za mama. Akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Shemeji, usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta. Najua. Kuna fundi asiye na methali hiyo?"

"Basi bila methali. Mumeo alikuwa rafiki yangu, nilimbeba begani kwenda makaburini. Wewe sikubebi. Natengeneza pande zote mbili, au ufunguo unabaki kwangu."

Nikampa. Aliliweka gari juu ya stendi, akatoa magurudumu. Akanyoosha pini iliyojaa kutu, akaichomoa, akalegeza nati bila kuitoa yote, kisha akaanza kupiga nyundo ubavuni mwa chuma kinachokishika kifundo. Kila pigo lilinipata mimi kifuani. Mara kikaachia kwa mshindo mmoja mkavu. Alipomaliza kukitoa akaniwekea kiganjani: mpira wake umepasuka, grisi imegeuka tope, ncha yake inayumba ovyo. Sijui nilitegemea nini, labda kiseme neno. Kilikuwa chuma tu. Nikamrudishia nikaenda kukaa nje mpaka vipya vilipoingia pande zote mbili.

Nilirudi nyumbani. Kona ikaja. Nikakata.

Kimya.

Sijawahi kusikia kimya kikubwa namna ile. Nikazima injini mbele ya geti nikabaki nimekaa, nikitunga uongo wa kumwambia mama, kila mmoja mbaya kuliko mwenzake. Kabla sijauchagua, nikamwona anakuja mwenyewe, anapapasa ukuta.

"Umelitengeneza," akasema.

"Mama, nisamehe. Fundi alisema..."

"Afadhali. Kila ukitoka na lile gari nilikuwa sina amani."

"Na maji, mama? Na kusema amefika?"

Akaupata mlango wa gari kwa mkono, akauegemea. "Mwanangu, mimi nilimshika mkono mpaka ukapoa. Najua alipo. Jioni ile ya kwanza ulimi uliteleza tu. Lakini usiku ule ulikula. Tangu msiba ulikuwa unachezea chakula, nasikia kijiko kinazunguka kwenye sahani bila kupanda. Nikasema basi, kama maneno hayo ndiyo yanayokulisha, nitayasema kila siku."

Na mimi nilikuwa nikijiona ndiye ninayemlinda! Nililia pale pale ndani ya gari, kilio ambacho mazishini kilikataa kutoka, na yeye akapitisha mkono dirishani akanishika kichwa mpaka nikanyamaza.

Jioni ile hakuna aliyeweka maji. Tulikula, mimi na yeye, na kwa mara ya kwanza tangu mume wangu afe, nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu.